Je, niwaachie sungura wangu porini? Kuhusu mnyama anayelindwa kule na kuangamizwa huku

SWALI: "Nilinunua sungura wawili nikahakikishiwa kuwa wote ni majike. Leo wamefika kumi na mmoja na banda halitoshi. Binti yangu wa miaka kumi na miwili amesoma kwamba sungura wa Ulaya yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na kila jioni ananisihi tuwaachie wetu porini ili tusaidie kuwaongeza. Lakini mimi nimesoma kwamba Australia wanawaua kwa sumu na hata kwa virusi. Inawezekanaje mnyama mmoja awe adui upande huu na wa kuhurumiwa upande ule? Kwa nini wasiwachukue kule walikozidi wawapeleke walikopungua? Na hawa wangu nikiwaachia, nitakuwa nimetenda wema au nimeharibu?"

JIBU:

Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: usiwaachie. Hata mmoja, hata kama pori lenyewe ni bichi na limejaa majani. Nitakueleza sababu kwa kirefu, maana binti yako ameuliza jambo la maana na anastahili kujibiwa kikamilifu, si kukatazwa tu.

Kwanza, alichosoma ni kweli. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira umemweka sungura wa Ulaya kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Ulichosoma wewe nacho ni kweli. Na ni mnyama yuleyule, Oryctolagus cuniculus, si ndugu yake wala binamu yake. Sungura wote wa kufugwa duniani, kuanzia wale wakubwa wa nyama hadi vile vidogo vyenye masikio ya kuning'inia, asili yao ni huyo. Kwa hiyo hao kumi na mmoja wako bandani ni wa spishi iliyo hatarini. Naelewa kabisa kwa nini mtoto ameona njia imenyooka.

Hapo kwenye jina, lugha yetu inatuchanganya kidogo. Tunasema "sungura" kwa wanyama wawili tofauti. Yule mjanja wa hadithi zetu, mwenye miguu mirefu, anayelala juu ya ardhi kwenye kijibonde cha nyasi na kutimka mbio akigutushwa, wapo wanaomwita kititi. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na hazichukui saa nyingi wameanza kuruka. Sungura wa Ulaya ni mchimbaji. Anaishi kwa ukoo ndani ya mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, wekundu kama kidole. Bila shaka umemwona jike wako siku ya kuzaa: anang'oa manyoya ya kifuani na tumboni kwa meno yake mwenyewe, anayachanganya na majani makavu, anawafunika watoto mpaka huoni kitu ila tandiko linalopumua. Kisha anaondoka. Hurudi kunyonyesha mara moja hivi kwa siku, dakika chache tu, na wafugaji wengi wapya hudhani amewatelekeza. Hajawatelekeza. Porini, mama anayeshinda mlangoni pa shimo huwaonyesha adui zake njia.

Nayasema haya kwa sababu watu huniambia, "Lakini sungura wa porini si wapo hapa kwetu? Hawa wangu watajiunga nao." Kama hao wa porini ni vititi, hawatajiunga nao na wala hawawezi kuzaana nao. Kititi na sungura wa Ulaya wametengana mbali mno katika ukoo. Wanachoweza kupeana ni ugonjwa. Hilo nitalirudia.

Sasa kitendawili chenyewe. Sungura huyu alitokea Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, na sehemu ya kusini mwa Ufaransa. Huko alikua miaka mingi sana akiliwa na karibu kila mwenye meno au kucha: tai, bundi, mbweha, vicheche, nyoka, paka mwitu. Spishi zaidi ya 30 zinamwinda. Mnyama anayeliwa na wote hivyo hana kinga nyingine ila kuzaa. Jike hana haja ya kusubiri siku maalumu za kupandwa, kwa kuwa tendo lenyewe la kupandwa ndilo linaloamsha mayai, saa kama kumi baadaye. Mimba ni siku 30 au 31. Akishazaa anaweza kupandwa tena siku hiyohiyo. Wewe umeliona hilo bandani kwako ukadhani ni balaa. Kwao Iberia ni hesabu inayolingana: wanazaliwa wengi, wanaliwa wengi, wanabaki wa kutosha.

Mchukue mnyama mwenye hesabu hiyo umwondolee upande mmoja wa mizani, uone kitakachotokea. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa Victoria, Australia, Thomas Austin, aliletewa kutoka Uingereza sungura wapatao 24 kwa ajili ya kuwinda, akawaachia kwenye shamba lake la Barwon Park. Katika muda wa miaka 50 hivi uzao wao ulikuwa umefika upande wa pili wa bara. Australia Magharibi ilijenga uzio kati ya mwaka 1901 na 1907, ule wa kwanza pekee una urefu wa kilomita 1,833, lakini sungura walikuwa wamekwisha kuuvuka mstari kabla haujakamilika. Kufikia mwaka 1950 walikadiriwa kuwa milioni 600.

Zingatia jambo moja hapo, kwa maana linakuhusu. Sungura wa kufugwa walikuwa wamefika Australia tangu mwaka 1788 na meli za kwanza za Waingereza, na kwa miaka 70 hawakusambaa hivyo. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 umeonyesha kuwa mlipuko ule ulitokana hasa na shehena ile ya Austin, iliyokuwa na damu ya sungura mwitu. Sungura wa bandani akiachiwa kwa kawaida hafiki mbali. Ana rangi nyeupe au madoa yanayoonekana mita mia mbili, hajui kivuli cha mwewe kinamaanisha nini, na tumbo lake limezoea chakula cha aina moja. Niseme wazi: wengi wa hao kumi na mmoja wako watakufa katika siku chache, na hawatakufa vizuri.

Lakini "kwa kawaida" si "daima." Mwaka 1903 sungura wa kufugwa walipelekwa kisiwa kidogo cha Laysan, katika visiwa vya Hawaii, kwa matumaini ya biashara ya nyama. Hakukuwa na wa kuwala. Miaka 20 baadaye, watafiti walipofika kuwamaliza, kisiwa kilikuwa mchanga mtupu. Spishi nyingi za mimea zilikuwa zimefutika, na ndege kadhaa ambao hawakuwepo popote pengine duniani walipotea moja kwa moja. Sungura hakuwala ndege hao. Alikula majani yaliyokuwa nyumba yao.

Huko Australia pia madhara makubwa hayaonekani kwa macho ya haraka. Watu hufikiria ngano na malisho ya kondoo. Mimi huwaza zaidi miche. Sungura hutafuna mche wa mti ukiwa na urefu wa kidole, na kwa baadhi ya miti ya nyika hata idadi ndogo, chini ya sungura mmoja kwa hekta, inatosha kuzuia mti mpya kuchipua. Unapita mahali unaona miti mikubwa, unasema pori lina afya, kumbe hakuna hata mmoja chini ya miaka hamsini. Tena sungura wengi wanalisha mbweha na paka wengi, nao ni wageni vilevile, na hao wakishaongezeka huwamaliza wanyama wadogo wenyeji wasioweza kuzaa kwa kasi ya sungura. Yaani hata anapoliwa, sungura anawaponza wengine.

Ndiyo maana mwaka 1950 Australia iliachia kirusi cha miksomatosi, kinachoenezwa na mbu na viroboto. Mwanzoni kiliua zaidi ya 99 kwa kila 100 walioambukizwa. Niliyewahi kumwona sungura mwenye ugonjwa huo sihitaji kukumbushwa: kope zimevimba mpaka macho yamefunga, kichwa kimejaa uvimbe, anakaa katikati ya njia na hasogei hata ukimkaribia. Baada ya miaka michache makali yalipungua. Aina ya kirusi inayoua upesi mno humwangusha sungura kabla mbu hawajamng'ata vya kutosha, kwa hiyo zile zinazoua polepole ndizo zilizoenea. Na sungura waliosalimika walirithisha ukinzani wao. Pande zote mbili zilibadilika, na idadi ikapanda tena.

Kule Ulaya, mwezi Juni 1952, daktari mstaafu wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, alikuwa na shamba lake la Maillebois lililozungushiwa ukuta. Sungura walimchosha. Aliagiza kirusi hicho, akawadunga sungura wawili, akawaachia, akiamini ukuta utatosha. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umevuka hadi Uingereza na kushuka hadi Hispania. Alishtakiwa na kutozwa faini ya faranga 5,000, kisha mwaka 1956 akatunukiwa nishani ya dhahabu na watu wa misitu waliofurahia miti yao kupona. Sijui kisa kingine kinachoonyesha jambo lako wazi zaidi ya hiki. Mtu yuleyule, tendo lilelile, faini na nishani.

Iberia haikupata nafuu. Mwaka 1988 ulifika ugonjwa wa pili, homa ya kutoka damu ya sungura, uliokuwa umegunduliwa China mwaka 1984. Kisha aina mpya ya kirusi chake ikaibuka Ufaransa mwaka 2010 na kuingia Hispania mwaka uliofuata, na hii huua hata vitoto vya wiki chache ambavyo ile ya zamani ilikuwa ikiviacha. Juu ya hayo ongeza mashamba makubwa yaliyofuta vichaka na kingo za nyasi. Sungura anahitaji kichaka cha kujificha kikiwa hatua chache kutoka kwenye majani ya kula. Mpe shamba tupu la kilomita mbili, hata likiwa na chakula, hatathubutu kutoka.

Naye akipungua, wanaomtegemea huanguka. Linksi wa Iberia, paka mwitu mwenye vishungi vyeusi masikioni, hula sungura kwa asilimia 80 hadi 90 ya chakula chake. Mwaka 2002 walibaki chini ya 100. Kwa kuwazalisha, kulinda maeneo yao na kurudisha sungura, sasa wamevuka 2,000, na mwaka 2024 waliondolewa kwenye daraja la walio hatarini wakawekwa kwenye la chini yake. Tai mfalme wa Hispania naye maisha yake yamefungwa kwa sungura. Hata Uingereza, ambako sungura si mwenyeji wa asili, aliposhambuliwa na miksomatosi nyasi zilirefuka, ardhi ikapoa, sisimizi wa aina fulani wakapungua, na kipepeo mkubwa wa buluu ambaye viwavi wake hulelewa na sisimizi hao akatoweka nchini mwaka 1979. Alirudishwa baadaye kwa mbegu kutoka Sweden.

Sasa, kwa nini wasiwahamishe kutoka Australia? Ni swali zuri, na jibu ni kwamba Iberia haijakosa mbegu. Imekosa nafasi ya mbegu kukua. Kila mwaka Hispania na Ureno wenyewe huhamisha sungura kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na wengi huliwa siku za mwanzo kabla hawajayajua mashimo mapya. Palipofanikiwa ni pale walipotangulia kupanda vichaka, kutengeneza mashimo na kuzuia adui kwa muda. Pili, huko kwao sungura ni wa koo mbili, mmoja wa kusini-magharibi na mwingine wa kaskazini-mashariki, na huyu wa kusini-magharibi, mdogo wa umbo na mwenye uzao mdogo, ndiye anayepungua zaidi. Wa Australia ni wa ukoo ule mwingine, na amechanganyika na wa kufugwa. Ukimmwaga kwa maelfu unamfuta yule uliyetaka kumwokoa, kwa kumzidi damu. Tatu, magonjwa husafiri na mizigo.

Na kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: ndani ya Hispania yenyewe, sehemu nyingine sungura wanakula mizabibu na ngano mpaka wakulima wanaomba vibali vya dharura vya kuwawinda. Hujificha kwenye tuta za barabara kuu na reli, ambako udongo ni laini kuchimba na mwindaji haingii. Mwendo wa saa chache kutoka hapo, wahifadhi wanahesabu vinyesi vyake chini ya vichaka wakiomba viongezeke. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sungura ni adui au rafiki, humuuliza kwanza amesimama wapi.

Niongeze jambo dogo kwa binti yako: wapo sungura wengine ambao hali yao inanisikitisha kuliko huyu, na hawazungumzwi. Sungura wa mtoni wa Karoo, Afrika Kusini, yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na jike wake huzaa mtoto mmoja au wawili tu. Sungura mweusi wa kisiwa cha Amami, Japani, aliliwa na nguchiro walioletwa mwaka 1979 ili wale nyoka. Ilichukua mpaka 2024 kutangaza kuwa nguchiro wa mwisho ameondolewa. Huyu wa Amami alidhurika kwa sababu watu waliachia mnyama mahali asipopajua, kwa nia njema.

Turudi kwako. Hatari kubwa ya hao kumi na mmoja si kwamba watafanya jangwa, bali kwamba hujui wamebeba nini. Ile aina mpya ya homa ya kutoka damu haibagui kama ya zamani. Imewapata hata baadhi ya vititi, na ilipofika kusini-magharibi mwa Marekani mwaka 2020 iliua sungura na vititi wa porini ambao hawakuwahi kukutana nayo. Kirusi hicho hukaa muda mrefu kwenye mzoga na hubebwa na nzi, viatu na majani. Isitoshe, nchi nyingi zinakataza kisheria kuachia mnyama wa kufugwa porini.

Ufanye nini basi? Leo tenganisha madume na majike. Usikisie. Jinsia ya sungura chini ya miezi mitatu huwakosesha hata wauzaji, na ndivyo ulivyofika hapa. Mpelekee daktari wa mifugo awahakikishe mmoja mmoja. Vitoto vinaweza kuanza kuzaana vikiwa na miezi mitatu au minne, ndugu kwa ndugu, wakati wewe bado unaviona ni vitoto. Kuhasi madume ndiyo njia rahisi zaidi, ila dume aliyehasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo mtenge hadi wiki sita. Kufunga kizazi majike ni upasuaji mkubwa zaidi na unagharimu zaidi, lakini kuna faida: majike wasiofungwa hupata saratani ya mfuko wa uzazi mara nyingi sana wanapozeeka. Uliza kama daktari ana uzoefu wa sungura hasa, kwa maana dawa ya usingizi haiwafai kama inavyomfaa mbwa. Uliza pia kuhusu chanjo za magonjwa yale mawili kama zinapatikana.

Waliozidi watafutie wafugaji, ukitoa wa jinsia moja au waliohasiwa ili usihamishe tatizo lako kwa jirani. Wafugaji wa nyama nao watawachukua, na sitakuficha kwamba hilo ni chaguo halali. Ukiona haliwezekani nyumbani kwenu, liseme mapema, wala usiwape watu ambao utamdanganya mtoto kuhusu wanachowafanyia. Na kama yupo mgonjwa asiyeponyeka, kumpumzisha mikononi mwa daktari kuna huruma kuliko kumwacha porini.

Usisubiri kumpeleka kwa daktari sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa kumi na mbili; utumbo wake ukisimama hufa upesi. Mpeleke siku hiyohiyo pia mwenye macho yaliyovimba. Akifa ghafla mmoja aliyekuwa mzima jana, hasa akiwa na damu puani, watenge wengine, usitupe mzoga, piga simu. Nje ya nyumba, mkikuta vititi au sungura kadhaa wamekufa pamoja, msiwaguse kwa mikono mitupu. Homa ile haimpati binadamu, lakini wanyama hawa wanaweza kubeba bakteria wa ugonjwa mwingine uitwao tularemia, na huo unatupata. Wajulishe maofisa wa wanyamapori au wa mifugo, mwonyeshe na mahali penyewe. Taarifa kama hiyo kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye macho makali ina msaada kwa sungura wa porini kuliko banda zima lililofunguliwa.

Ila anza na kutenganisha, leo kabla ya giza. Jike aliyezaa juzi huenda ana mimba nyingine tayari, na una siku 30 tu za kujiandaa.